Seli Shina, Askari wa Mwili na Saratani ya Utumbo Mpana

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wahudumu wa afya wa sharika, wauguzi wa zahanati na viongozi wa vikundi. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.

Mada tuliyopewa leo ni ngumu kidogo, na wapo waliotuuliza wakati wa chai kama kweli ofisi ya miradi ina haja ya kuzungumzia jeni na chembe hai wakati kazi ya visima bado haijaisha. Sisi tunaona haja ipo. Neno "seli shina" limefika vijijini kwetu kabla ya maelezo yake. Limeletwa na watu wenye mikoba wanaouza vidonge na unga wa kukoroga, kopo moja kwa bei ya mbuzi, wakisema kwamba seli shina zinatibu kila saratani. Katika ziara zetu tumekutana na familia iliyouza ng'ombe wa maziwa kununua dawa hizo kwa ajili ya mgonjwa wa utumbo, na zahanati ilipopata habari mgonjwa alikuwa amekaa nyumbani miezi mingi. Hatukuja kuwasema wauzaji. Tumekuja ili yeyote kati yenu atakayeulizwa swali hili awe na jibu.

Isitoshe, historia ya ugonjwa huu ina mkono wa hospitali za makanisa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946, alikuwa na desturi ya kuziandikia hospitali za misheni za nchi mbalimbali za Afrika, akiuliza wameona wagonjwa wangapi wa ugonjwa gani. Mwaka 1971 aliandika kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa vijijini, akaihusisha hali hiyo na vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Ushauri wa kula dona, maharage na mboga za majani bado unasimama. Lakini ule uadimu si wa kutegemea tena. Duniani kote, kwa mwaka 2022, walikadiriwa wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 wa saratani ya utumbo mpana pamoja na ya sehemu yake ya mwisho ya kutolea haja, na vifo kama laki tisa. Madaktari wa hospitali zetu za rufaa wanawaona wagonjwa hawa, na wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Chini ya kishimo

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Ukuta wake wa ndani umejaa vishimo vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, visivyoonekana kwa macho. Chini kabisa ya kila kishimo kuna chembe hai chache ambazo kazi yake kubwa ni kuzaa nyingine. Hizo ndizo seli shina za utumbo. Chembe zinazozaliwa huanza kupanda ukuta wa kishimo, na njiani hujifunza kazi: nyingine kunyonya maji, nyingine kutoa ute. Zikifika juu hufa na kubanduka, zikatoka na haja kubwa. Kwa namna hiyo ngozi yote ya ndani ya utumbo hufanywa upya chini ya wiki moja. Fikirini shamba linalovunwa na kupandwa kila siku, mwaka mzima, bila kupumzika. Ndivyo tulivyo ndani, wote tulioketi hapa, na hao wanaosinzia pia.

Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe hai. Karibu kila chembe ya mwili ina kitabu kizima cha maagizo, lakini husoma zile kurasa tu zinazohusu kazi yake. Chembe ya jicho husoma za jicho, ya ini husoma za ini. Seli shina husoma kurasa za kuzaa na kutokukomaa. Kwa kukosa neno lililozoeleka, leo tutaiita tabia hiyo "ushina", na kurasa hizo tutaziita jeni za ushina. Mojawapo inaitwa LGR5. Mwaka 2007 kundi la Hans Clevers, huko Utrecht nchini Uholanzi, lilionyesha kwamba seli shina za utumbo zinatambulika kwa jeni hiyo. Miaka miwili baadaye Mjapani Toshiro Sato, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara hiyo hiyo, alichukua chembe moja moja zenye alama ya LGR5 kutoka katika utumbo wa panya, akaziotesha, na chembe moja ikawa kijiutumbo kidogo chenye vishimo vyake. Chembe moja tu! Nguvu ya namna hiyo ikiwa mahali pake ni baraka, ndiyo inayotuponya vidonda vya tumbo la kuhara. Ikitoka mahali pake ni balaa.

Mwili umeweka breki. Breki muhimu kuliko zote katika utumbo mpana ni jeni iitwayo APC. Chembe ikishapanda kutoka chini ya kishimo, APC husaidia kuzifunga kurasa za ushina. Breki hiyo ikikatika, chembe iliyopaswa kukomaa, kufa na kubanduka huendelea kuzaa, na hapo huota kinundu ndani ya utumbo. Kinundu si saratani bado. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Baltimore, Marekani, walieleza jinsi makosa ya jeni yanavyorundikana moja juu ya jingine hadi kinundu kigeuke saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi. Miaka kumi ni muda mrefu. Katika nchi zenye vifaa, daktari huingiza kamera na kukikata kinundu kabla hakijageuka, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile.

Malkia wa mzinga

Mwaka huo huo wa 2007, makundi mawili, moja la Toronto nchini Kanada na jingine la Roma nchini Italia, yalitoa habari iliyowashtua wengi. Walichambua chembe za saratani ya utumbo mpana kutoka kwa wagonjwa na kuona kwamba hazina nguvu sawa. Sehemu ndogo tu, zile zenye alama iitwayo CD133, ndizo zilizoweza kuanzisha uvimbe mpya zilipopandikizwa kwa panya. Nyingine zilikuwa umati tu. Tangu hapo ikawa kawaida kusema kwamba saratani ina seli shina zake.

Wakulima mnaelewa haraka. Ukifyeka ndago kwa panga, shamba linaonekana safi wiki moja. Vile vinundu vilivyo chini ya udongo havijaguswa, na mvua ikinyesha vinachipua. Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa kuhusu dawa za saratani: zinaua umati unaogawanyika haraka, zinaacha shina. Kwa hiyo wengi wakasema, basi tutafute dawa ya kuua shina lenyewe na kazi itakuwa imekwisha.

Haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 2017 makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Sato, ambaye wakati huo alikuwa amesharudi Japani, yalifanya jaribio kwa panya waliokuwa na saratani ya utumbo. Walitengeneza njia ya kuziua chembe zenye LGR5 peke yake. Uvimbe ulisimama kukua, na kwingine ulisinyaa. Walipoacha kuziua, uvimbe ulirudi, na chembe za LGR5 zikawemo ndani yake kama kwanza. Zilitoka wapi? Zilitoka katika umati. Chembe ambazo hazikuwa shina zilirudi nyuma, zikafungua tena zile kurasa, zikavaa ushina.

Kikundi chetu cha nyuki hakitashangaa. Malkia akifa, vibarua huchagua buu changa la kawaida kabisa, hulilisha maziwa ya nyuki, na baada ya siku kadhaa mzinga una malkia mwingine. Ushina katika saratani unafanana zaidi na cheo kuliko ukoo. Ndiyo maana sisi tunapenda mfano wa mzinga kuliko ule wa ndago, ingawa ule wa ndago ndio unaopendwa na waandishi. Jambo moja tu lilikuwa tofauti: katika jaribio la kundi la Marekani, uvimbe uliokuwa umehamia kwenye ini ulishindwa kuendelea pale chembe za LGR5 zilipouawa. Yaani ugenini, malkia alihitajika zaidi.

Na hapa ndipo lilipo jibu la muuza vidonge. Anasema vidonge vyake vinaongeza seli shina na hivyo vinatibu saratani. Kwanza, kidonge kikavu kilichokaa mkobani hakina seli shina hai ndani yake. Pili, hakuna kidonge cha aina hiyo kilichothibitishwa kutibu saratani ya utumbo. Tatu, kwa mgonjwa huyu tatizo lenyewe ni ushina uliozidi na kutoka mahali pake, sasa anaahidiwa nyongeza ya nini? Tusichanganye hilo na kupandikiza uloto wa mifupa kwa baadhi ya magonjwa ya damu. Hiyo ni tiba ya kweli, hufanywa hospitalini na madaktari, wala haiuzwi mnadani.

Askari wako ndani au nje ya uzio?

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, na kati yao wapo wale waitwao chembe T, ambao wanaweza kuitambua chembe iliyoharibika na kuiua. Zamani daktari alipotaka kujua hali ya mgonjwa wa saratani ya utumbo baada ya upasuaji aliangalia uvimbe umechimba kiasi gani, umefika kwenye tezi au la, umehamia ini au la. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake wa Paris walitoa katika jarida la Science matokeo ya kazi iliyoonekana ya kawaida tu: walichukua vipande vya saratani ya utumbo vilivyohifadhiwa, wakahesabu askari. Walihesabu walioko katikati ya uvimbe na walioko pembeni, pale uvimbe unapopakana na nyama nzima. Wagonjwa ambao askari walikuwa wengi sehemu zote mbili waliishi muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Hesabu hiyo ilitabiri mambo vizuri kuliko vipimo vya kawaida vya hatua za ugonjwa.

Wengi hawakuamini mara moja, na walikuwa na haki, kwani kazi ya maabara moja haitoshi. Hivyo ikafanyika kazi kubwa ya pamoja katika nchi 13, na mwaka 2018 jarida la Lancet likachapisha matokeo ya wagonjwa 2,681. Picha ilikuwa ile ile. Aina ya askari, idadi yao na mahali waliposimama ni habari ya kweli kuhusu maisha ya mgonjwa.

Kwa nini basi kwa wengine askari wanabaki nje ya uzio? Sababu si moja. Mwaka huo huo wa 2018 kundi la Eduard Batlle huko Barcelona lilionyesha, kwa panya waliowekewa makosa ya jeni yanayofanana na ya binadamu, kwamba kemikali iitwayo TGF-beta, inayojaa katika nyama inayouzunguka uvimbe, huwazuia chembe T wasiingie. Walipoizuia kemikali hiyo, askari waliingia, na saratani iliyokuwa imehamia ini ikashambuliwa. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kundi la Thomas Gajewski wa Chuo Kikuu cha Chicago lilionyesha jambo linalogusa moja kwa moja habari yetu ya ushina, ingawa wao walichunguza saratani ya ngozi aina ya melanoma. Ishara iitwayo beta-katenini ikiwashwa ndani ya chembe za saratani, wale wanaowaita askari hawaji, na askari wenyewe hawaji. Ishara hiyo ndiyo ile ile inayoachiwa huru breki ya APC inapokatika ndani ya utumbo. Mkono unaofungua kurasa za ushina unaweza kuwa ndio huo huo unaofunga lango. Mwaka 2019 ulifanyika uchambuzi wa aina 21 za saratani ngumu, ukaonyesha kwamba kwa jumla, kadiri alama za ushina zilivyokuwa juu ndivyo alama za askari zilivyokuwa chini.

Unga wa lishe

Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ndipo penye mtego. Siku hizi, mtu akiwa na kompyuta na intaneti anaweza kupata taarifa za jeni za maelfu ya wagonjwa waliopimwa Marekani chini ya mradi mkubwa ulioanza mwaka 2006. Mwaka 2018 wataalamu walitumia taarifa hizo kutengeneza kipimo cha ushina kinachotoa alama kuanzia 0 hadi 1. Tangu hapo zimetoka makala nyingi mno zenye mtindo mmoja: chukua saratani ya utumbo mpana, pima ushina, chagua jeni chache, kadiria askari kwa hesabu za kompyuta, kisha tangaza kwamba jeni hizi zinatabiri nani ataishi. Baadhi ni kazi nzuri. Nyingi, kwa maoni yetu, zimekwenda haraka kuliko ushahidi wake.

Akina mama wa mradi wa lishe watatusaidia kueleza. Mnasaga mahindi, soya na karanga pamoja, mnapata unga wa lishe. Mtu akiletewa unga tayari, hawezi kuzihesabu punje. Anaweza tu kupima na kukadiria: hapa mahindi ni mengi, hapa soya ni nyingi. Sasa akipima mifuko mia na kuona kwamba kila palipo na soya nyingi mahindi ni machache, je, aseme soya inayachukia mahindi? Hapana. Mfuko ni mmoja. Kimoja kikiongezeka, sehemu ya kingine lazima ipungue.

Vipande vya saratani katika mradi ule vilisagwa vivyo hivyo, chembe za saratani pamoja na askari pamoja na nyuzi za nyama, ndipo jeni zikasomwa. Askari ni chembe zilizokomaa, hazina ushina mwingi. Kipande chenye askari wengi kitatoa alama ndogo ya ushina hata kama chembe za saratani zilizomo ni zile zile. Kwa hiyo sehemu ya ule uhusiano wa ushina na askari inaweza kuwa ya mfuko tu. Sehemu nyingine ni ya kweli, kama yale majaribio ya melanoma yanavyoonyesha. Ndiyo maana sasa maabara zenye uwezo zinasoma jeni za chembe moja moja kabla ya kusaga, sawa na kuhesabu punje kabla ya kupeleka mashine. Mkisikia redioni kwamba "jeni mpya ya saratani imegunduliwa", ulizeni: walihesabu punje au walipima unga?

Nyama ya nani ilipimwa?

Kuna swali lingine ambalo sisi huku hatuna budi kuliuliza. Wagonjwa wengi katika mradi ule wa Marekani ni watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika wanaoishi Afrika karibu hawamo. Je, utumbo si utumbo? Mwaka 2021 daktari wa upasuaji Olusegun Alatise wa Ile-Ife, Nigeria, pamoja na wenzake wa huko na wa New York, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Nigeria uliotoa jibu la kufikirisha. Breki ya APC, ambayo kwa wagonjwa wa Marekani huonekana imekatika kwa walio wengi, kwa Wanigeria ilikuwa imekatika kwa wachache zaidi. Na kundi moja maalumu la saratani hii, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kama asilimia 15 ya wagonjwa, kwa Wanigeria lilikuwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya wanne.

Kundi hilo ni la namna gani? Kila chembe inapogawanyika hunakili kitabu kizima cha jeni, na ndani yake wapo wasahihishaji wanaorekebisha makosa ya kunakili. Kwa wagonjwa hawa wasahihishaji wameharibika. Makosa yanakuwa mengi sana, na chembe inaanza kutengeneza protini za ajabu ajabu. Hilo kwa mgonjwa lina upande wa faida, kwani askari huona vitu vigeni na kuingia kwa wingi. Wakishaingia, saratani hujitetea kwa kuwashika breki, na zipo dawa za kuiachia breki hiyo. Ugunduzi uliozaa dawa hizo uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2020, wagonjwa wa kundi hili ambao saratani ilikuwa imesambaa walipewa dawa iitwayo pembrolizumabu, na ugonjwa ulikaa bila kusonga mbele kwa wastani wa miezi 16.5, ukilinganisha na 8.2 kwa waliopewa dawa za kawaida. Huko Uholanzi, mwaka 2024, zilitolewa habari za wagonjwa wa kundi hilo hilo ambao ugonjwa wao haukuwa umesambaa mbali. Walipewa dawa za aina hii kwa wiki chache kabla ya upasuaji, na kwa zaidi ya wawili kati ya watatu daktari alipokata hakukuta chembe hai ya saratani.

Lazima tuseme ukweli wote. Dawa hizi ni ghali mno, na wengi wa tunaowahudumia hawawezi kuzinunua. Aidha, kwa wale wengine ambao wasahihishaji wao ni wazima, dawa hizi peke yake mara nyingi hazisaidii, kwa sababu askari hawajaingia. Asitokee mhudumu akaahidi. Kwa mgonjwa aliyewahi mapema, upasuaji ndio tiba kuu, na wengi hupona kwa huo tu.

Lakini kujua nani yuko katika kundi lile kuna faida hata pasipo na dawa, kwa sababu kwa baadhi yao ubovu wa wasahihishaji ni wa kurithi. Mwaka 1895 Aldred Warthin, daktari wa patholojia wa Ann Arbor, Marekani, aliambiwa na fundi wake wa kushona, mwanamke, kwamba anatarajia kufa kwa saratani kwa kuwa ndivyo ilivyo kwao. Warthin hakucheka. Aliandika jina baada ya jina, akachapisha habari za ukoo huo mwaka 1913, na yule fundi alikufa kweli kwa saratani ya mji wa mimba. Baadaye Henry Lynch wa Omaha aliendeleza kazi hiyo kwa koo nyingine, na leo ugonjwa huo wa kurithi unaitwa kwa jina lake. Huku kwetu koo za namna hiyo tunazijua, ila tunazipa majina mengine. Tunasema wamelogwa. Tunasema ukoo ule una laana. Wachungaji mtatusaidia sana hapo.

Kipande kwenye kopo

Sasa kwa wauguzi wetu. Damu kwenye haja kubwa isiitwe bawasiri kabla mtu hajaangaliwa. Mgonjwa akishatibiwa amiba mara mbili na damu bado inatoka, asipewe dawa ya tatu, aandikiwe rufaa. Vivyo hivyo kwa mtu mzima anayepungukiwa damu bila sababu inayoonekana, anayekonda, au ambaye haja yake imebadilika kwa wiki kadhaa. Kidole chenye glavu hakihitaji umeme wala jenereta, na uvimbe mwingi ulio karibu na njia ya haja kubwa hugusika kwa kidole. Tunajua ni aibu kwa mgonjwa na wakati mwingine kwa muuguzi. Mzee apewe muuguzi wa kiume akiwepo, mama apewe wa kike, na maelezo yatangulie.

Hospitali ikishakata kipande cha nyama kwa ajili ya patholojia, hicho kipande ni mali. Yote tuliyozungumza, hesabu ya askari na kipimo cha wasahihishaji, hutoka humo. Vipande vya Galon kule Paris vilikuwa vimekaa stoo. Kipande kiingie kwenye fomalini ya asilimia kumi mara tu kinapokatwa, na fomalini iwe mara kumi ya ukubwa wa kipande. Maji hapana, spiriti hapana, chumvi hapana, wala kisiachwe kikauke ndani ya glavu. Kopo liwe na mdomo mpana, maana nyama ikishakaa humo hukakamaa na haitoki tena kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana. Maabara ikishakigandisha kwenye nta, kinaweza kupimwa hata baada ya miaka, kwa hiyo namba ya maabara iandikwe kwenye daftari la mgonjwa kwa wino.

Ndugu wa mgonjwa anapopewa kopo alipeleke mjini mwenyewe, kama inavyotokea mara nyingi, mhudumu wa usharika amwulize siku ya tatu amefika wapi. Nauli ndiyo inayokwamisha makopo mengi. Vikundi viwili vya kuweka na kukopa vimeshakubali kuikopesha nauli hiyo bila riba, na tunaomba vingine vijadili jambo hilo kwenye vikao vyao.

Fomu ya historia ya familia ina maswali manne: nani katika ukoo aliugua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, alikuwa na umri gani, upande wa baba au wa mama, na kama yuko hai. Aliyeugua kabla ya miaka hamsini awekewe alama ya nyota. Fomu zijazwe nyumbani kwa mgonjwa, kwa faragha, na zisisomwe mbele ya watu. Nakala ziko meza ya mlangoni, kila usharika uchukue ishirini na kutia sahihi. Muda uliobaki ni wa maswali, na tungependa waanze akina mama waliokaa nyuma, maana wakati wa chai walikuwa nayo mengi.